Betri ya Fundi Ambwene

Watu wa Ihanda wakikuambia kwamba fundi Ambwene hana makuu, wanamaanisha hajawahi kuwanyima kitu. Ni sifa nzuri, siipingi. Lakini sifa hiyo ilibaki kidogo tu imkoseshe mke, na waliomponza hawakuwa na habari.

Ambwene ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kinatazama barabara kuu iendayo Tunduma, na malori ya mpakani yanapita hapo kutwa nzima yakimtikisia meza. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mtoto mdogo, kabla hata hajajua kusimama vizuri. Cherehani anaikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, na kwa kazi hiyo mguu mmoja unatosha. Nyumbani na uani anatembelea mkongojo. Shida yake haikuwa kukaa wala kushona. Shida yake ilikuwa kwenda.

Tangu utoto, kila alikokwenda alipelekwa. Shuleni alipelekwa na Mzee Mbonile, jirani yao wa juu kilimani, akiwa amekalia keria ya baiskeli, mvua inyeshe au vumbi litimke, mpaka akamaliza darasa la saba. Kanisani alibebwa na yeyote aliyekuwa na mgongo. Mnadani alipakiwa pamoja na magunia. Walifanya hivyo kwa upendo, na hakuna aliyewahi kumsimanga. Ila mtu anayepelekwa huondoka pale mpelekaji anapotaka kuondoka. Ambwene alifika utu uzima hajawahi kukaa mahali mpaka achoke mwenyewe. Harusi ikianza kunoga, aliyemleta anasema, "Fundi, twende, giza linaingia." Anainuka, anashukuru, anapakiwa.

Pikipiki ya kawaida hakuiweza, kwa sababu gia zinakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Alishaijaribu ya Barnaba, mtoto wa Mzee Mbonile, wakaishia mferejini wote wawili. Basi siku alipokwenda Tunduma kuchukua vitambaa akaiona pikipiki ya umeme imesimama nje ya duka, akauliza tu kama watu wanavyouliza. Muuzaji akamwambia haina gia wala klachi, breki zote mbili ziko mkononi, unazungusha mkono inakwenda. Ambwene akauliza na bei. Alirudi Ihanda akashona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu, miaka ikapita, na pikipiki akainunua.

Wiki ya kwanza alikwenda Mpemba. Hakuwa na shida yoyote Mpemba. Alikwenda akaagiza chai, akainywa polepole, akaongeza kikombe kingine, akakaa tu anatazama foleni ya malori mpaka akachoka. Alipochoka akaondoka. Mama yake alimuuliza Mpemba kuna nini, naye akamwambia kuna chai.

Sasa, pikipiki hiyo ina jambo moja ambalo muuzaji alilisifu kuliko yote: betri inachomoka. Unainua kiti, unafungua kufuli, unashika mpini, unaivuta. Unaingia nayo ndani kuichaji kama simu, na pikipiki unaiacha nje. Mwizi akija atakuta gofu tu. Muuzaji alieleza hayo kwa ufasaha mkubwa, akamwonyesha na mkao wa kuinama usije ukaumia kiuno, bila kuutazama mkongojo uliokuwa mbele ya macho yake. Betri ile ina uzito wa ndoo ya maji iliyojaa. Ambwene ana mikono ya chuma, anaweza kuitoa na kuirudisha akiwa amesimama hapo hapo. Kutembea nayo ndiyo hawezi, kwa kuwa mkono mmoja ni wa mkongojo. Kwa hiyo yeye huegesha pikipiki dirishani, anapitisha waya wa chaja, anaichajia humo humo. Kuchomoka kwa betri kulimfaa kila mtu isipokuwa yeye.

Na aliyewafundisha wenzake ni yeye mwenyewe. Palikuwa na harambee ya kanisa, umeme ukakatika, na jenereta la kanisa linanguruma kuliko kwaya. Barnaba alikuwa anashangaa pikipiki, akauliza, "Fundi, hiki ni nini humu?" Ambwene, kwa furaha ya mtu mwenye kitu kipya, akainua kiti, akafungua kufuli, akamwonyesha. Fundi redio mmoja wa hapo Ihanda akaunda kikasha cha kuushusha ule umeme ukubaliane na spika. Harambee ikafana. Ambwene akashukuriwa mbele ya waumini wote, wakampigia makofi.

Kwetu msiba ukitokea, kila kinachobebeka kinabebwa. Masufuria, mabenchi, turubai, mapipa ya maji, hakuna anayeuliza bei wala siku ya kurudisha. Ndivyo tunavyoishi na ni vizuri. Tanki la petroli hakuna mtu anayeliazima, kwa sababu halichomoki. Lakini betri inayochomoka ikaingia kwenye hesabu ya masufuria. Kwanza ikawa ya misiba. Halafu ikawa ya ubatizo, ya mikutano ya kijiji, ya mpira kwenye televisheni. Wanakuja wawili, wamechangamka: "Fundi, tunaiomba kidogo. Si upo nyumbani tu?"

Naye yupo nyumbani, kwa sababu wameichukua. Anakaa mlangoni na mkongojo wake, pikipiki iko dirishani kiti kimeinuliwa, na spika anaisikia kilimani inaimba kwa nguvu zake. Siku hizo alikuwa anaumia moyoni kuliko hata zamani alipokuwa hana kitu. Alitamani kusema hapana. Lakini amnyime nani? Huyu alimbeba kwenda zahanati. Yule alimvusha mto. Hakuna mgongo Ihanda ambao hakuwahi kuukalia, na mtu aliyebebwa na kijiji kizima hana pa kuanzia kukataa.

Binti anayeitwa Ikupa, Ambwene alimpata Isansa, alikokwenda kupima kwaya iliyotaka sare mpya. Alifika peke yake, akapima watu wote, na ilipofika zamu ya Ikupa akampima mikono mara mbili. Ikupa akamwambia, "Fundi, mkono wangu umerefuka tangu pale?" Kwaya ikacheka. Ambwene akarudi Isansa wiki iliyofuata na kisingizio cha kola, na nyingine na kisingizio cha vifungo, na sare zile zilichelewa kuisha kuliko sare zozote alizowahi kushona.

Mambo yakafika pa kupeleka mshenga. Akaenda baba yake mdogo, Josephat, mtu mpole anayejua maneno. Alirudi na jibu la Mzee Enoka, baba wa Ikupa, mkulima wa kahawa ambaye hasemi mengi. Mzee alisema hana neno na ule mguu. Mguu ni kazi ya Mungu. Anachoogopa ni kumpa binti yake mwanamume aliyezoea kungojea kupelekwa, binti awe mgongo wake wa mwisho. "Aje mwenyewe Jumamosi," alisema. "Asiletwe na mtu. Akiletwa, nitampa chakula na nitamrudisha salama kwao." Josephat alitangulia Isansa mapema wiki hiyo kwa basi akawe shahidi, kama desturi inavyotaka.

Habari hiyo ikabaki kwa watu watatu: Ambwene, mama yake na huyo Josephat. Huku kwetu posa haitangazwi kabla haijajibiwa. Ukikataliwa, aibu ibaki ndani ya nyumba yenu. Hata Barnaba aliyekua naye hakuambiwa.

Alhamisi asubuhi Barnaba akashuka kilimani amevaa shati alilolivaa jana yake.

"Fundi," alisema, "mzee ametutoka."

Ambwene aliiacha cherehani na nguo ikiwa bado chini ya sindano. Alilia kama mtoto, na sioni aibu kumsemea hilo, kwa sababu kila herufi aliyoijua aliipata kwenye ile keria. Barnaba akalia naye. Walipotulia, Ambwene akasema mwenyewe, kabla hajaombwa, "Betri iko pale. Ichukueni." Kichwani alishapiga mahesabu. Mazishi Ijumaa mchana, betri irudi Ijumaa jioni, ilale kwenye chaja, Jumamosi asubuhi aondoke. Ikijaa inamfikisha Isansa na kubakiza kidogo. Aliona Mungu amempangia vizuri, amzike mzee wake kisha aende kuoa.

Ijumaa akapanda kilima kwa mkongojo, akakaa na wanaume chini ya turubai. Kwaya iliimba, spika ikanguruma bonde zima. Ilipokaribia saa ya kutoa mwili, mzee wa kanisa akashika kipaza sauti akatangaza kwamba dada wa marehemu ametoka Ndola na amekwama ng'ambo ya mpaka kule Nakonde, na familia imeonelea asimkose kaka yake. Mazishi yatakuwa kesho alasiri. Tangazo hilo lilitoka kwa sauti safi kabisa, bila mkwaruzo, kwa umeme wa betri ya Ambwene.

Ambwene aliinua kichwa. Akatazama huku na huku, kila mtu anatikisa kichwa kukubali, ndiyo, dada lazima amzike kaka yake. Hata yeye alikubali. Angekuwa mtu gani asiyekubali? Na palepale akaelewa kwamba amefungwa, na kamba zote ni nzuri, hakuna hata moja ya kuilaumu.

Barnaba alipopita na jagi la maji ya kunawa, Ambwene akamshika mkono.

"Betri," akasema.

"Ipo vizuri, fundi, usiwe na wasiwasi. Inafika kesho bila shida. Tumepunguza na sauti."

"Sawa."

"Ulikuwa na neno?"

Neno lilikuwepo, limefika kwenye meno. Lakini atasema nini? Kwamba kesho anakwenda kuposa? Jeneza liko sebuleni, wanawake wanalia, yeye aseme habari za mke? Mambo ya harusi hayatamkwi penye maiti, kila mtoto wa kwetu anajua. Akasema, "Hapana. Nilikuwa nauliza tu." Barnaba akampiga bega akaendelea na jagi lake.

Jioni nyumbani, mama yake alikuwa ameshanyoosha suti. Aliisikiliza habari yote amesimama, pasi mkononi.

"Kawaambie, Ambwene. Ni watu wetu."

"Mama, kaseme wewe."

"Mimi? Mimi mama wa bwana harusi, nikasimame mbele ya Bibi Anna, mume wake hajaingia ardhini, nimwambie nataka betri mwanangu akaoe?"

Wakatazamana. Hapakuwa na wa kwenda. Mama akatundika suti msumarini, wakala ugali. Ambwene aliichukia pikipiki jioni ile. Aliiona pale dirishani na tundu lake tupu chini ya kiti, akafikiri kwamba alipokuwa hana kitu, angalau hakuna aliyemtarajia popote. Ikupa alimtumia ujumbe kuuliza kama shati lake ni jeupe au la bluu, ili na yeye ajue avae nini. Akamjibu jeupe. Hakuongeza jingine.

Jumamosi asubuhi aliamka, akaoga, akavaa suti. Hakuwa amepata wazo lolote jipya. Alivaa kwa sababu ndivyo ilivyopangwa, na alipomaliza kuvaa akaona kwamba mtu aliyevaa suti hawezi kukaa mlangoni. Akachukua mkongojo akapanda kilima.

Pale msibani walidhani amevaa kwa heshima ya marehemu, wakampisha. Yeye hakwenda kwenye viti. Alikwenda moja kwa moja pembeni mwa nyumba, ambako betri ilikuwa imewekwa juu ya kigoda na nyaya zake. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Ambwene akainama akachomoa waya. Spika ikakata.

Kwaya haikukata. Iliendelea kuimba, na baadhi ya waombolezaji wala hawakugeuka. Ambwene akavua mkanda wa suruali, akaupitisha kwenye mpini wa betri, akaishusha kutoka kigodani akaanza kuivuta ardhini. Hatua moja, anaweka mkongojo, anavuta. Hatua nyingine, anaweka mkongojo, anavuta. Suruali inataka kuteremka, jasho linamtoka, betri inachora mstari kwenye vumbi katikati ya watu waliokaa. Sasa wakageuka wote.

Barnaba akamzuia njia. "Fundi, vipi? Mzee hajazikwa."

"Nipishe, Barnaba."

"Unaipeleka wapi? Watu wanakutazama."

"Najua wananitazama."

Mwanamume mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto aliyebebwa miaka yote leo ananyang'anya spika kwenye jeneza. Ambwene alisikia, na maneno hayo yalimwingia kwa sababu ni yale yale aliyokuwa akijiambia mwenyewe. Lakini hakuuachia mkanda.

Bibi Anna, mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, kanga kichwani. Akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Mwacheni. Ambwene, mwanangu, unakwenda wapi?"

Akatamani ardhi imfunike. Alitazama chini akasema, "Isansa, mama. Kuposa. Baba wa binti amesema nifike mwenyewe, leo."

Mtu alikuwa ametamka harusi penye maiti, na dunia ilikuwa bado iko pale pale. Bibi Anna alimtazama, macho yake mekundu.

"Mbona hukusema jana?"

"Nilishindwa."

"Tungeimba kwa midomo tu," alisema Bibi Anna. "Barnaba, mbebee."

Barnaba aliitupia betri begani akashuka nayo, na kabla hata hawajafika chini alishaanza. "Fundi, nikupeleke mimi. Pikipiki yangu ina mafuta. Muda si mrefu tumefika." Wengine wawili walikuwa wamefuata, nao wakasema yupo mwenye gari la Noah, wampeleke kwa heshima, wamsindikize hata watano. Ambwene alilazimika kusimama awaeleze neno la Mzee Enoka, asiletwe na mtu. Walisikiliza. Kisha mmoja akasema, "Basi tukupeleke tukuache karibu." Ndivyo walivyo, hawana njia nyingine ya kupenda. Akawaaga akiwa amekwisha washa.

Betri ilikuwa imebaki chini ya nusu.

Alikwenda taratibu, kama mtu anayebeba mayai. Alipita Vwawa, akaacha lami, akashika barabara ya vumbi. Kwenye miteremko alikuwa anaizima inateremka yenyewe, kwenye vilima anainama mbele kana kwamba kuinama kunasaidia. Mashamba ya kahawa yalikuwa yanachumwa, baridi ya Julai ikimpiga kifuani. Kila alipotazama kile kioo kidogo cha kuonyesha chaji, alama ilikuwa imepungua tena. Ilipobaki moja alianza kusali. Hata hiyo ikazimika, na pikipiki ikapunguza mwendo polepole, bila kelele, mpaka ikasimama.

Paa la Mzee Enoka lilikuwa linaonekana. Lipo juu pale, kileleni mwa kilima, na kati yao ni mpando mmoja mrefu ambao mtu mwenye miguu miwili angeupanda akiimba. Ambwene alijaribu. Aliukumbatia usukani akasukuma kwa mguu mmoja na mkongojo ukiwa kwapani, akaenda umbali wa nyumba mbili, pikipiki ikamlalia. Akainuka akajipangusa. Angeiacha, apande kwa mkongojo? Angefika alasiri, amelowa jasho, amechanika, na pikipiki iko barabarani kwa yeyote anayeitaka. Josephat alipiga simu, hakupokea. Akipokea, Josephat atakuja kumchukua.

Bodaboda wakawa wanapita. Wa kwanza akasimama, "Bosi, imekufa? Panda nikutupe hapo juu, bure." Akakataa. Wa pili akasimama, akakataa. Wa tatu alikuwa na kamba, akataka kumvuta, akakataa mpaka yule jamaa akakasirika. Kila mkono mwema uliomjia ulikuwa unamfungia mlango. Alikaa juu ya pikipiki yake katikati ya mpando, ndani ya suti, na ukweli ni kwamba alikuwa anakaribia kulia.

Ndipo akapita mama mmoja ametoka kuchuma kahawa, ndoo tupu mkononi na kata ya kanga kichwani. Akasimama akamsikiliza akieleza kwa nini amewakatalia bodaboda wote. Akauliza, "Hiyo betri inachomoka?"

"Inachomoka."

"Basi nipe niende nayo kwenye umeme, wewe ungoje hapa. Wewe umesema hutaki kupelekwa. Yenyewe imesema nini?"

Ambwene akainua kiti, akaitoa, akamtwika. Akampa na chaja kutoka mfuko wa kiti. "Umeme wa karibu ni kwa nani, mama?"

"Upande huu wenye umeme ni mmoja tu. Mzee Enoka."

Alitaka kumwambia arudishe. Lakini mama alishaondoka, betri imetulia kichwani kama ndoo yoyote ya maji, anapanda mpando bila kushika. Ambwene akaitazama inakwenda. Betri itafika kwa mkwe, yeye hajafika. Itapita getini, itakaribishwa, itapewa umeme sebuleni. Alijifunika uso kwa mikono akakaa hivyo. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na la kufanya kabisa, na alikaa akingojea kupelekewa kitu, kile kile alichokatazwa.

Jua lilikuwa limepanda sana aliposikia viatu kwenye kokoto. Mzee mwenye koti la zamani alikuwa anateremka peke yake, betri begani, chaja inaning'inia mkononi. Hawakuwahi kuonana, lakini hapakuwa na haja ya kuulizana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee aliitua betri juu ya kiti, akapumua. "Nilipoiona inaingia uani kichwani mwa mama yule, nikasema huyu kijana ametuma betri ituposee."

Ambwene hakujua kama acheke. Hakucheka.

"Kwa nini haikujaa tangu kwenu?"

Akamweleza. Alimtaja Mzee Mbonile na baiskeli yake, akaeleza msiba, akaeleza spika, na jinsi alivyoshindwa kusema jana na akasema leo, mbele ya jeneza. Hakujitetea. Alieleza amesimama, mkono mmoja kwenye mkongojo, huku akijua kwamba pengine ndiyo mara ya mwisho kuzungumza na mtu huyu.

Mzee Enoka alikuwa anatazama alama za pikipiki kwenye vumbi, pale iliposukumwa na pale ilipoanguka.

"Mama yule anasema wamekusimamia bodaboda kibao, umewakatalia."

"Ndiyo, baba."

"Wote?"

"Wote."

Mzee akaupangusa waya wa chaja. Kisha akampa chaja mkononi. "Kwenye betri nimeweka chaji ya kutosha kilima hiki," akasema. "Mimi hapa sipo. Mimi nipo nyumbani nimekaa, nakungojea, na umechelewa."

Hakurudi na barabara. Akaingia katikati ya mibuni, akashika njia ya mkato, mikono nyuma, na baada ya muda kidogo mibuni ikamfunika. Ambwene akairudisha betri mahali pake, akafunga kufuli, akashusha kiti. Alikuwa na haraka kuliko siku zote za maisha yake. Hata hivyo hakuwasha. Alisubiri, akimpigia mzee hesabu, sasa anavuka kijito, sasa yupo nyuma ya nyumba, sasa ananawa, sasa amekaa. Alipoona ametosha kukaa, akazungusha mkono.

Aliingia uani peke yake. Josephat alisimama kwa furaha, akakumbuka yeye ni shahidi, akakaa tena. Ikupa alikuwa mlangoni amevaa nyeupe, hakutabasamu, alikuwa ameishika fremu ya mlango kwa nguvu. Mzee Enoka alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya mguu, kama mtu ambaye hajaondoka hapo tangu alfajiri.

"Karibu, mgeni," alisema. "Umekuja na nani?"

Ambwene akashuka, akaegemea mkongojo wake.

"Nimekuja peke yangu, baba."

Mzee Enoka akamgeukia Josephat. "Umesikia mwenyewe." Kisha akamwita Ikupa alete kiti. Bega la kulia la koti lake lilikuwa jekundu kwa vumbi, na pale uani hakuna aliyemwambia ajipanguse.